Mlio Ulioitikiwa

Umeme ulikatika mchana, mashine ya kukoboa mpunga pale Bugarama ikazimika, wafanyakazi wakatoka kutafuta kivuli, lakini katika sikio la kushoto la Vénuste mashine iliendelea kulia. Alitia kidole, akatikisa kichwa, akapiga miayo. Wapi! Ililia kwa sauti nyembamba kama mbu aliyefungiwa chupani, ikalala naye, ikaamka naye.

Hakuogopa. Mtu aliyesimama kando ya mashine tangu arudi kutoka Uvira, kule Kongo, akiwa kijana haogopi kelele. Alichoka tu. Kazi ilimchosha, joto la bondeni lilimchosha, na sasa usingizi nao ukampa kisogo.

Kilichomponza ni adabu. Marehemu mama yake alimfundisha kwamba ukiitwa na usiyemwona, huulizi "Nani?" kama mtoto asiye na wakubwa; unaitika kwa Kinyarwanda, "Karame!" Kwa kuwa kusikia kwake kulishapungua, kule mashineni alikuwa akiitika hivyo hata mlango ukilia, na wenzake walimcheka mpaka wakachoka kumcheka. Basi Jumapili moja baada ya ibada, nyumba ikiwa kimya, mlio ukageuka jina lake.

"Vénuste."

"Karame!" akaitika.

Mwavita, mke wake, mwanamke wa Bukavu asiye na mzaha, aliinua kichwa kutoka kwenye sahani ya sombe, kisamvu cha kwao, akamwita kwa jina la binti yao aliyeolewa. "Papa Benitha, unaitika nani?"

"Si weye umeniita?"

"Miye siyakuita."

Tangu hapo lile lisiloonekana likamwita kila palipokuwa kimya, naye akaitika kabla hajafikiri, maana mazoea yana taabu. Kila alipoitika lilipata nguvu. Lilihamia masikio yote mawili, likaanza kuita hata akiwa anakula, na harufu ya pumba zilizoungua ikawa inaingia chumbani hali jiko limezimwa tangu mchana, inakaa juu ya mto, inashika kwenye shuka, hata Mwavita akawa anaisikia na kugeukia ukutani akiwa amejifunika uso.

"Nimechoka kulala na bantu babili, weye na ule mwingine," alinong'ona, kama anayeogopa kusikiwa. "Kama haiishi, miye narudi kwa mama Bukavu."

Hilo ndilo lililomtia Vénuste hofu ya kweli. Kelele angeivumilia, lakini nyumba bila Mwavita hapana.

Walianzia kwenye chumba cha maombi. Mchungaji alimkemea pepo kwa kipaza sauti, palepale sikioni, dawa ya moto ni moto, na Vénuste akatoka humo na mlio mara mbili ya ule aliokwenda nao.

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Laurence hakumpigia kelele. Alimulika masikio kwa kitochi, akatoa nta, akagonga uma wa chuma wa kupimia usikivu na kumwekea nyuma ya sikio, akauliza kama mlio unafuatana na mapigo ya moyo, kama anapata kizunguzungu, kama amemeza kinini au aspirini nyingi.

"Papa, ni ile mashine," alisema. "Imeumiza sikio kwa ndani. Sasa ubongo inatafuta sauti yenye ilizoea, ikikosa inajitengenezea yake. Dawa ya kuimaliza haiko, lakini utaizoea. Kazini uzibe masikio. Nyumbani usikae kimya, weka radio pole pole. Usiifuate, usiiogope. Ukiiogopa inakomaa."

"Inaniita jina, madamu."

"Ubongo inaweza kufanya na hiyo." Akazima kitochi. "Unaijibu?"

"Naitika. Karame."

Laurence alitazama mlango, akashusha sauti. "Papa, karame ni kusema nini?"

Ni neno la kila siku, nani hulifikiria? Ni kumwombea anayekuita aishi miaka mingi. Muda wote huo Vénuste alikuwa akilibariki.

"Usiijibu tena," alisema Laurence, na safari hii hakusema kama muuguzi.

Vénuste alishika masharti yote. Aliziba masikio kazini, akalala na redio ikisema chinichini. Lenyewe lilimbembeleza kwa sauti ya mama yake, likamkemea kwa sauti ya mchungaji, likaiga hata Mwavita, "Papa Benitha, Papa Benitha," kutoka uani, ilhali Mwavita ameketi mbele yake anasuka nywele. Aliuma meno, akanyamaza. Pole pole likafifia. Usingizi ukarudi, na Mwavita akatoa nguo zake kwenye sanduku alilokuwa ameanza kulifunga.

Jumamosi moja, jua likiwa utosini, Mwavita alikwenda kuchota maji kwenye mfereji nyuma ya mashamba ya mpunga. Vénuste alikuwa amejilaza aliposikia tena "Papa Benitha," sauti ya mbali, kisha yenye kilio, kisha yenye kilio na jina la Mungu ndani yake, naye akaongeza redio, akafunika kichwa kwa mto, akajiambia limeamka, limejua nina furaha, sitaitika, hata likilia damu sitaitika, mpaka sauti ikachoka na yeye akapitiwa na usingizi.

Jioni majirani walimleta Mwavita kwenye machela. Alikuwa ameteleza mferejini, mguu umevunjika, midomo imepasuka kwa jua.

Vénuste alipiga magoti akilia. "Unisamehe, mama. Nilisikia. Niliwaza ni lile. Njo maana siyaitika."

Mwavita alijivuta upande wa pili wa machela.

"Uliitika," alisema taratibu. "Kila nilipokuita, ulinijibu kwa sauti yako hii: nakuja, nakuja, usiite bantu bengine."