Mawe ya Ukingo Kutoka Bute

Lori la Bishar liliingia Garissa jua likianza kulegea, mbuzi juu, mawe chini. Nunow fundi alikuwa akilingoja langoni. Mawe aliyaagiza mwenyewe wiki mbili nyuma: meupe, mapana, yasiyochoma nyayo, kwa sababu wageni wa ile kampaundi ya shirika la misaada hutembea miguu mitupu kando ya maji yao kana kwamba nchi nzima ni msikiti.

Naam, walikuwa na bwawa la kuogelea. Usicheke. Garissa hii hii, ambako punda hupanda kutoka mtoni na mapipa ya maji na wanawake hutoleana maneno kwenye foleni, watu wa shirika walichimba shimo, wakasimamisha kuta, wakatandika ndani yake shuka moja kubwa la plastiki ya buluu, wakajaza maji. Kwenye ukingo waliweka vigae vya saruji juu ya reli ya alumini, na reli hiyo ndiyo iliyoubana mdomo wa shuka usiteleze. Mambo yakawa mazuri hadi zile mvua za El Nino. Ardhi ilivimba, vigae vikapasuka, shuka likaanza kuchomoka pembeni. Sasa ulikuwa Juni wa tisini na nane, barabara ya Wajir imefunguka, na Nunow alipewa siku nne aweke ukingo mpya.

Alikuwa mtu wa Bute, mkimya. Miaka minne aliyokaa mjini hakuna aliyemwona akicheka wala akikasirika. Viganja vyake vilikuwa na makovu marefu, moja huku moja huku, na vilikuwa vimekufa ganzi kabisa. Mkewe Lul alimtuma kuipua sufuria motoni, naye akaishika bila kitambaa. Watu walisema ni ujasiri. Yeye alijua si ujasiri. Hakuhisi kitu, mikononi wala kifuani, na alikuwa ameshazoea.

Mlinzi wa kampaundi, Musembi, Mkamba wa Mwingi anayependa kuuliza, alichuchumaa karibu naye siku ya kwanza ya kazi.

"Fundi, si tutoe maji kwanza? Utafanya kazi umelala na tumbo hivyo mpaka lini?"

"Maji wacha," Nunow akasema. "Maji ndio nashika ukuta. Ukitoa, ukuta nakuja ndani. Na hii shuka, jua nabiga, nakuwa ndogo. Hairudi tena."

"Kumbe."

"Kazi ya maji ni bole bole."

Akaendelea. Kung'oa kigae, kunyoosha reli, kurudisha mdomo wa shuka ndani ya mfereji wake, kumwaga saruji, kulaza jiwe. Jiwe la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la sita akasimama.

Jiwe hilo lilikuwa na mifereji mitatu ukingoni, laini, yenye kina cha kidole. Mtu wa pwani angedhani ni urembo. Mtu wa Bute hawezi kukosea. Ni kamba hiyo, kamba ya kisima, iliyopita hapo na ndoo za ngozi tangu enzi za mababu mpaka jiwe likakubali. Na kando ya mfereji wa tatu palichongwa alama ya ukoo, ile wanayochomwa ngamia wa kwao. Nunow aliijua alama ile. Aliichonga mwenyewe akiwa kijana, akingojea zamu ya kunywesha.

Alikuwa ameshika jiwe la mdomo wa kisima chao.

Hapa lazima niseme kilichotokea, ama sivyo hutaelewa kwa nini mtu mzima alikaa na jiwe mapajani kama aliyepewa mtoto wa watu. Mwaka wa tisini na tatu, wakati wa ukame, kaka yake mkubwa Abdille alishuka kisimani kuzoa tope. Nunow alibaki juu na kamba. Huko kwao yupo aliye chini na yupo aliye juu, na kuna maneno. Kabla ya aliye chini kuuachia mwili wake kwenye kamba, huuliza: *Ma haysaa?* Umeshika? Aliye juu hujibu: *Waan hayaa.* Nimeshika. Bila jibu hilo hakuna anayepanda.

Abdille aliuliza. Nunow alijibu. Abdille akaanza kupanda, na ukuta ukaanguka. Kamba ikamkata Nunow viganja, naye akaiachia.

Vumbi likatulia. Kisha kutoka chini, taratibu kabisa, ikaja sauti.

"Nunow... ma haysaa?"

Hakujibu. Aliogopa. Akiitika atatakiwa ashuke, na ukuta ulikuwa bado unamwagika. Wanaume walipofika mbio kutoka kwenye mahori ya kunyweshea mifugo akawaambia: hakuna sauti, amekufa, asishuke mtu mwingine. Wakamswalia hapo hapo. Wakakifunika kisima kwa mawe yake yenyewe, kikawa kaburi. Mwaka ulipopita wazee wakamwoza Lul, mjane wa Abdille. Ndiyo dumaal hiyo, ndugu humwoa mke wa nduguye ili nyumba isitawanyike. Wakashuka Garissa. Sasa Lul alikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, na Nunow alikuwa na hofu moja tu iliyobaki hai ndani yake: Lul asijue. Siku atakayojua ataondoka na tumbo lake, na hakuna mtu wa ukoo wowote atakayemuuliza kwa nini.

Angeweza kuliweka jiwe kando. Angeweza kumwita Bishar alirudishe. Badala yake alitazama kama Musembi anamwangalia, akaona hamwangalii, akaligeuza.

Mifereji ikatazama chini, kwenye maji. Akamwaga saruji, akalilaza, akaligonga kwa mpini wa nyundo. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini yeye alikuwa ameficha miaka mitano na hakuna kilichomuumbua.

Magharibi iliadhiniwa. Akaswali uani, akarudi kuosha mwiko.

Krrr...

Akainua kichwa. Bwawa lilikuwa kimya. Nzi wa mwisho wa siku walizunguka taa.

Krrr... krrr...

Kamba juu ya jiwe. Na harufu ikaja, si ya ile dawa ya wageni. Ilikuwa harufu ya ngozi iliyolowa na tope la chini sana, ambalo halijaonwa na jua.

Akatazama maji. Yalikuwa yameshuka shubiri nzima. Shuka alikuwa amelikagua mwenyewe, halikuwa na tundu hata la sindano. Akajiambia ni joto. Akakusanya vyombo, akaenda nyumbani.

Lul alimwekea chakula, akakaa mbali kidogo.

"Leo unanuka kisima," akasema.

"Ni bwawa la wageni."

"Bwawa lina dawa. Hii si dawa." Lul naye hakuwa mtu wa maneno, na nyumba yao ilikuwa na utulivu ambao majirani waliuita amani.

Asubuhi Nunow alimtafuta Bishar sokoni mwa mifugo. Waliongea Kisomali, kwa sauti ya chini, katikati ya vumbi na kelele za mbuzi.

"Yale mawe uliyatoa wapi?"

"Kwani mabaya?"

"Nimekuuliza ulikoyatoa. Mlibomoa kisima?"

"Wallahi hatukubomoa kitu!" Bishar akajipiga kifua. "Yalikuwa kando ya barabara, nje kidogo ya Bute. Yamepangwa vizuri, moja juu ya jingine. Nilidhani umewatumia ujumbe watu wako wakakuwekea tayari. Juu yake palikuwa na kamba imekunjwa."

"Kamba iko wapi?"

"Nilifungia beberu. Tulipofika Habaswein haikuwepo. Beberu alikuwepo, kamba hakuna." Bishar akamtazama usoni, tabasamu likaanza kumpotea. "Nunow... kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Akarudi kazini. Alilaza mawe kumi na moja siku ile, na mkono wake haukutetemeka. Usione ajabu. Mtu aliyekufa ganzi hufanya kazi safi sana.

Jua lilipokuwa linazama, Musembi akaja na kikombe cha chai, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Fundi, nifundishe Kisomali kidogo."

"Nini unataka?"

"'Ma haysaa' maana yake ni nini?"

Nunow akaweka mwiko chini.

"Nani nakufundisha hiyo?"

"Hakuna mtu. Si ni huyo mtu wako." Musembi akaelekeza kidole upande wa jiwe la sita. "Tangu jana jioni anaongea huko nyuma ya maji. Nilifikiri umeweka kibarua ndani ya shimo. Nikamwambia toka, chai iko. Anarudia tu hiyo moja. Ma haysaa, ma haysaa. Na jina lako."

Nunow alichukua mtaimbo, akauchomeka chini ya jiwe la sita, akaukandamiza. Saruji ilikuwa bado changa. Jiwe likainuka, likapinduka.

Mifereji ilikuwa imelowa. Ndani ya ule wa tatu palikuwa na nyuzi za kamba, mbichi, zilizokatika wakati huo huo.

"Fundi," Musembi akanong'ona. "Fundi, angalia shuka."

Shuka la buluu lilikuwa limeanza kuvimba. Halikuvimba kwa maji. Lilisukumwa kutoka nyuma, kutoka kati ya plastiki na ukuta, mahali ambapo hata panya hapiti. Uvimbe ukapanda polepole hadi karibu na reli. Ukatulia. Kisha ukagawanyika.

Vidole vitano.

Kikombe cha Musembi kikaanguka. Miguu yake ikasikika mpaka langoni, na zaidi ya lango. Nunow alibaki amepiga magoti. Kiganja kilikuwa mbele yake, kimefunikwa plastiki, kimefunguka kama cha mtu anayepokea.

"Nunow... ma haysaa?"

Mdomo wake ulifunguka. Maneno mawili tu. Hata mtoto wa kuchunga ndama anayajua. Akamfikiria Lul, akafikiria ni nani atakayeambiwa, ni nini kitakachoulizwa. Mdomo ukafungwa.

Vidole vikakunjika kimoja kimoja. Uvimbe ukaisha, shuka likanyooka. Sauti ya kamba ikaanza tena, krrr... lakini sasa haikuwa majini. Ilipita chini ya saruji ya uani. Ikapita chini ya ukuta. Ikaenda upande wa bulla, ule mtaa anakokaa Nunow.

Akakimbia.

Alikimbia kupita maduka yanayofungwa, kupita wanaume wanaotoka msikitini, waliomwita na hakuwageukia. Na njiani, nasema ilivyokuwa, aliamua. Atamwambia. Aende akitaka kwenda, lakini asikie kutoka kinywani mwake kabla hajasikia kutoka kwingine.

Alimkuta uani, mbele ya mlango. Taa haijawashwa. Lul alikuwa amesimama miguu imeachana, amejirudisha nyuma, tumbo mbele, mikono miwili imenyooka na kukunja ngumi. Katika ngumi hapakuwa na kitu.

"Lul." Alikosa pumzi. "Lul, alikuwa hai. Nilimsikia akiniita. Niliwadanganya."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mimi ndiye niliyefika wa kwanza, Nunow. Nilisimama nyuma yako. Alikuita mara tatu." Hakumtazama. Sauti yake ilikuwa tulivu kama ya mtu anayehesabu mbuzi. "Nilingoja useme. Ulipowaambia hakuna sauti, na mimi nikanyamaza. Niliogopa utatumwa chini, nibaki bila wote wawili. Nimengoja miaka mitano useme."

Nunow akakaa mchangani. Miaka yote ile alikuwa akimficha mtu aliyekuwa akimficha yeye.

"Njoo ndani," akasema hatimaye. "Lul, shusha mikono, njoo ndani."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Ameniuliza mimi." Kati ya vidole vyake kukatoka damu, kidogo, ikadondoka kwenye vumbi. "Wewe hukumjibu. Akaniuliza mimi."

"Ukamwambia nini?"

"Waan hayaa."

Miguu yake ikateleza mbele hatua moja. Kitu kilikuwa kinamvuta kuelekea katikati ya ua, kwenye mchanga mtupu, na mchanga pale ulikuwa umeanza kulowa. Ile harufu ikajaa uani.

Nunow akainuka. Akampita, akasimama mbele yake, akapeleka viganja vyake vilivyokufa pale mbele ya ngumi za Lul, akavifunga.

Akapiga ukelele. Vilikuwa vinaungua. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya vumbi alihisi kamba, kila uzi wake, na machozi yakamtoka kama ya mtoto.

"Waan hayaa," akasema. "Abdille, nimeshika."

Chini yao, mbali sana, mtu akavuta pumzi.

Kisha uzito ukaanza kupanda.