Pampu Arobaini za Fahima

JUMATANO, SAA NNE ASUBUHI

Nyuma ya bucha ya Mutie, pale Matinyani, kulikuwa na chumba kisicho na dirisha. Kilinuka damu ya mbuzi. Jonah aliifuta meza kwa kiwiko, akaweka laptop, akawageuzia wenzake kioo.

"Hii ni programu ya kutafuta holseli," alisema. "Mtu anauza vitu mtandaoni, anataka kujua atanunua wapi kwa bei ya jumla. Anaandika jina la bidhaa. Inamwonyesha nani ameleta, ngapi, na ziko stoo gani."

"Sasa hiyo inatusaidia na nini?" Mutie aliuliza. Alikuwa akinoa kisu. Kioo hakukitazama.

Jonah alishusha pumzi kama mwalimu wa nasari. "Wao wanatafuta pa kununua. Sisi tunatafuta pa kuiba. Swali ni lile lile."

Akaandika: pampu ya sola. Jibu likaja. Pampu arobaini za kuvuta maji ya kisima, zimefika jana, stoo ya Fahima, Kitui mjini.

"Huyo mama namjua," Mutie alisema. "Ijumaa mchana anafunga, anaenda msikitini. Soja wa getini ni Nzioka. Mzee wa kushiba muthokoi na kulala."

Wavinya, dereva wa lori lao, alikuwa amekalia ndoo akitafuna mua. "Kenta iko na mafuta," alisema tu.

Wakagawana kabla ya kuiba. Mutie pampu kumi na nane. Wavinya kumi na nane. Jonah nne.

"Nne? Bila mimi mngekuwa bado mnaiba kuku."

"Kuku nilikuwa naiba na watu wanaobeba," Mutie alijibu. "Wewe mikono yako ni ya kuandika barua."

Wavinya alicheka hadi akapaliwa na mua. Jonah akafunga laptop taratibu. Mchinja mbuzi na mla mua. Hao ndio waliompimia fungu lake.

JUMATANO, SAA NANE MCHANA

Aliifungua programu tena, safari hii upande wa wauzaji. Kujisajili kulimchukua dakika kumi. Akajiita J.M. Pampu, wa soko la Tawa. Akaandika anazo arobaini, aina ile ile, kwa bei ya chini ambayo Ukambani hakuna aliyewahi kuiona.

Chai yake haijapoa, mteja akaandika. Kalekye, wa mji wa Wote. "Nachukua zote. Nitakupata Tawa Ijumaa saa kumi."

Hakuuliza risiti. Hakuuliza zimetoka wapi. Jonah aliguna. Hawa wafanyabiashara ni kondoo, ukiwawekea nyasi kidogo wanakuja wenyewe.

Akampigia Wavinya. "Nimepata mnunuzi wangu. Mimi na wewe, nusu kwa nusu. Mutie tunamwacha."

Wavinya alisikika akitema makapi ya mua. "Ananiita kasichana na nimemzidi miaka sita," akasema. "Sawa."

IJUMAA, SAA SABA KASORO DAKIKA KUMI

Adhana ilipokwisha, maduka ya jirani na stoo ya Fahima yakateremsha milango. Wavinya alipiga honi moja. Mzee Nzioka akafungua geti mwenyewe. Mutie alimwonyesha panga. Mzee akaketi kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, akamtazama Jonah kwa utulivu wa mtu anayengoja kunyolewa.

Hata woga hana akili ya kuwa nao, Jonah aliwaza.

Mutie alivunja kufuli. Akabeba boksi mbili mbili, shati likamganda mgongoni. Jonah alisimama juu ya kenta akizipanga, akihesabu.

SAA SABA NA ROBO

Arobaini.

"Panga langu liko ndani," Mutie alisema, akarudi stoo.

Jonah aliruka chini, akausukuma mlango wa chuma wa stoo, akatia komeo.

Ngumi zikaanza mara moja. "Jonah! Wewe Jonah!"

Kenta ilikuwa tayari inasonga. Jonah alijitupa kwenye kiti cha mbele. Walipovuka mto Athi, akacheka peke yake. Wavinya hakumtazama.

SAA KUMI JIONI

Tawa, nyuma ya posho mili ya kusagia mahindi, mama mmoja alikuwa amesimama kando ya gari dogo. Alivaa buibui na miwani ya kusomea.

"Wewe ndiye Kalekye?" Jonah aliuliza.

"Kalekye ni jirani yangu. Ameniazima jina." Akachungulia boksi. "Bei hii umeiweza vipi, kijana?"

Jonah alijinyoosha. "Mama, biashara ya siku hizi ni akili. Mimi naongea na kiwanda moja kwa moja. Nyinyi wa maduka hamuwezi kuelewa."

"Pampu za aina hii zimeingia hapa kwetu mara moja tu," yule mama alisema. "Nimezileta mimi. Na mimi kila siku hufungua programu hiyo hiyo, nione nani anauza ninachouza. Jumatano nikakuona unazo arobaini. Nikaenda stoo nikahesabu zangu. Zote arobaini zilikuwepo. Nikajiuliza, huyu mwizi ni wa jana au wa kesho?"

Jonah alirudi nyuma hatua moja.

"Polisi waliniambia tangazo peke yake si wizi. Basi nikamwambia Mzee Nzioka awafungulie mkija, nikaenda zangu kuswali. Gari la polisi lilikuwa nyuma yenu njia nzima." Fahima alivua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio. "Nilidhani nitakuta mtu wa maana."

Polisi wanne walitoka ndani ya posho mili, nguo zimejaa unga, bunduki mkononi. Wavinya alitia gia ya nyuma. Nyuma yake Land Cruiser ya polisi ilikuwa imeziba njia. Akazima injini, akaweka mikono juu ya usukani, akamtukana Jonah kwa Kikamba, kwa urefu, bila kurudia tusi.

SAA KUMI NA MBILI NA NUSU JIONI

Kituoni Kitui, Wavinya alipelekwa upande wa wanawake. Jonah alivuliwa mkanda na viatu, akasukumwa seli ya mwisho.

Mle ndani kulikuwa na mtu mmoja, ameegemea ukuta. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vimechubuka na kuvimba kwa kugonga mlango wa stoo.

"Mutie," Jonah alisema. "Ngoja nikueleze."

Askari akageuza ufunguo. Hatua zake zikapotea koridoni.

Mutie alisimama. Akavua shati lake bila haraka, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kona kavu lisije likachafuka.