Mstari wa Mlenda Uliokufa

Kila alfajiri Mama Gbade aliteka ndoo mbili kisimani, akamwagilia mlenda wake. Kisima alikichimba marehemu mumewe, na maji yake yalikuwa matamu hata majirani wakija kuomba ya kunywa. Mwanawe Gbade, fundi seremala, aliranda mbao barazani huku akitafuna akara, bagia za kunde, alizokaangiwa na mama yake. Nyumba ilikuwa nyumba.

Kisha mlenda ukaanza kufa. Haukufa wote, la. Ulikufa kwa mstari mmoja, upana wa mkeka, toka ukuta wa ua hadi kisimani, kana kwamba kuna asiyeonekana anayepita hapo kila siku kwenda kuteka. Kuku walifika ukingoni mwa mstari ule, wakasimama shingo upande, wakageuka. Ukiinama kisimani kichwa kilikuzunguka, na toka chini kitu kilikupumulia usoni, pumzi tamu tamu. Mwezi uleule mimba ya Motun, mke wa Gbade, ikatoka.

Motun akaenda kwa Nabii Ajitoni, mwenye kanzu nyeupe na miguu mitupu. Akarudi na swali moja: "Ni nani anayetangulia kisimani kila alfajiri?"

Toka siku ile Gbade hakula tena chakula cha mama yake. "Nimeshiba, mama," alisema. Mama akaanza kuonja mbele yake, kijiko kimoja, mwanawe aone hakina kitu. Bado alisukuma sahani. Nyie mliozaa mnajua jambo hilo linavyouma.

Jirani mmoja akapeleka habari ofisi ya maji. Akaja binti aitwaye Ibiso, na kekee ndefu ya kutobolea udongo. Alitoboa kando ya mstari ule, shimo baada ya shimo, akinusa kila bonge. Mama Gbade alimfuata nyuma.

"Hebu nusa, mama."

"Hii si harufu ya mizimu, binti. Hii ya kituo cha mafuta."

Ibiso akacheka. "Pua hiyo tungeiajiri! Nyuma ya ukuta kuna nini?"

"Bomba la petroli. Lilizikwa hata sijaolewa."

Ibiso akajaza maji ya kisima kwenye chupa, akaiweka juani. Yakajitenga. Chini yalikuwa meupe, na juu ukakaa utandu wa rangi ya chai, umetulia kama jicho linalokutazama.

"Bomba limetoboka," akamwambia Gbade. "Petroli inatambaa chini kwa chini. Msinywe maji haya, na moto usisogee hapa. Nakwenda kuwaita wenye bomba walifunge."

"Sawa, dada. Na nani kaielekeza kwetu, ikaruka nyumba zote?"

"Mteremko, kaka."

Gbade akaguna. Binti hata kona hajafika, Nabii akaingia na kengele yake. Akasimamisha mishumaa saba kuzunguka kisima, akamnyooshea Mama Gbade kiberiti.

"Washa. Asiye na hatia haogopi mwanga."

"Siwashi. Binti wa watu kasema nini sasa hivi?"

"Mmeona!" Motun akapiga kelele. "Mmeona wenyewe!"

Gbade akamsogelea. "Washa, mama, nikuamini."

"Mwanangu, nikiwasha hatabaki wa kuniamini."

Gbade akanyakua kiberiti, akainama, akakiwasha.

Kisima kikavuta pumzi, kisha kikaitoa. Moto wa buluu ukatoka ukiwa hauna hata moshi, ukakimbia juu ya ule mstari, hatua kwa hatua, penye mlenda uliokufa, mpaka ukutani, kama mtu arudiye kwao. Nabii aliacha kengele. Mama ndiye aliyemkamata mwanawe mkanda wa suruali, akamburura, akamzika mchangani mikono iliyoshika moto.

Adhuhuri bomba likafungwa. Kama Ibiso angechelewa zaidi, nisingekuwa na mtaa wa kuusimulia.

Hospitalini mikono ya Gbade ilifungwa mabunda mawili meupe. Randa hatashika tena. Mama alimletea uji wa mahindi, akachota kijiko, na kwa mazoea akauonja kwanza.

Gbade akaangua kilio. "Usionje, mama. Nipe tu."

"Nyamaza wewe. Naangalia kama umepoa."

FUNZO

Wenzangu, maji yakibadilika harufu, acheni kuyanywa, moto uwe mbali, na aitwe wa kupima. Kuomba ombeni, nani kawakataza? Lakini kabla hujamwita mtu mchawi, chimba kwanza uinuse ardhi yako. Tundu la bomba lile lilizibwa ndani ya siku tatu. Jina walilompa Mama Gbade halijazibika: mpaka leo wapo watoto mtaani wanaovuka upande wa pili wakimwona anakuja, na yeye huwasalimu vilevile.