Mluzi Wenye Pengo

"Ifuate Hilux nyekundu. Usiiachie mpaka Qurayyat."

Sauti ya Yaqoob, mkuu wa operesheni za kijasusi, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. 

Nadra akakanyaga mafuta. Pajero ikachana barabara ya Wadi Kabir, Maskati, ikipita magereji, matairi yakilia. Mbele yake Hilux. Ndani ya Hilux, sanduku la viwashio vya mabomu. Bandarini Matrah ilikuwa imetia nanga meli iliyojaa abiria. Sanduku likimfikia aliyeliagiza, meli ile ingelipuliwa.

Nokia ikaita. Alikuwa Josphat, Mkenya aliyepandikizwa kama fundi wa rangi kwenye gereji ilikotoka Hilux.

"Madam, geuka."

"Niko nyuma yao."

"Uko nyuma ya gari tupu. Sanduku wameitoa, wameweka kwa teksi. Mlango wake wa nyuma umebonyea. Inaenda Matrah."

"Una hakika?"

"Nimeshangaa mpaka nimepaka kioo cha mtu rangi."

Nadra akajaribu redio. "Mkuu, unanipata?"

Yaqoob hakujibu.

Akageuza usukani.

Teksi aliikuta kabla ya kuingia Matrah. Akaibana ukutani. Bastola ya Browning ikagusa shingo ya dereva.

"Mzigo unampa nani?"

"Simjui, wallahi. Naegesha nyuma ya soko. Mtu anakuja. Mimi naanza mluzi, yeye anamalizia."

"Mluzi gani?"

Dereva akalamba midomo iliyokauka. Akapiga.



Ulikuwa ule wimbo wa Kijapani. Maskati nzima iliujua. Ulilia kwenye mabasi, saluni, hata harusini, na hakuna aliyejua unaitwaje. Wauza kaseti wa Ruwi, ukiwaimbia, hutikisa kichwa, humalizia beti, kisha huinua mabega.

Kwao uliingia ndani ya redio ya gari ya mtumba. Kaka yake, Suud, aliinunua hapo hapo Wadi Kabir, na kaseti ikiwa tumboni mwake, akaifunga kwenye gari lake. Mama yao akautilia maneno yake ya Kiswahili, akawa anauimba akichambua mchele. Siku moja redio ikaila kaseti. Suud akakata utepe ulioharibika, akauunga kwa selotepu. Tangu hapo wimbo uliruka. Sauti ilipanda, ikadondoka katikati ya beti, ikaibukia mwishoni.

Suud akauzoea hivyo hivyo. Mluzi wake nao ukawa na pengo.

Alikuwa jasusi kabla ya dada yake. Mwaka 1997 alikutwa amekufa ndani ya gari lake, ufukweni Qurayyat. Yaqoob alikuja kutoka ng'ambo baadaye. "Sikujaaliwa kumwona hata mara moja, Allah amrehemu," alimwambia Nadra siku yake ya kwanza kazini.

Dereva akafungwa pingu, akalazwa sakafuni mbele ya kiti cha nyuma. Nadra akavaa kilemba cha dereva, akaiendesha teksi mpaka nyuma ya soko.

Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha. Kichochoro kilikuwa kitupu.

Nyayo.

Akaanza mluzi.

Nyayo zikasimama.

Kisha mluzi ukajibu nyuma yake. Ukapanda. Ukadondoka katikati ya beti. Ukaibukia mwishoni.



"Suud?"

Jina lilimtoka kabla hajalizuia. Kwa pumzi moja tu, alikuwa na kaka tena.

Kwenye kioo akaiona sura. Yaqoob.

Naye akamtambua. Akatabasamu.

"Nadra mwanangu. Si nilikutuma Qurayyat?"

"Kama ulivyomtuma Suud?"

"Suud sikumjua, nilishakwambia. Haya teremka, nna haraka. Sanduku nitalipeleka makao makuu mwenyewe."

"Wimbo umejifunza wapi?"

"Huu? Huu hata paka wa soko la samaki anaujua."

"Paka anaujua mzima, mkuu. Wenye pengo ulikuwa ndani ya gari moja tu."

Tabasamu likafa. Midomo ya Yaqoob ikacheza bila sauti, ikiupitia wimbo upya, ikitafuta kilichokosekana.

Hakukiona. Ule wa Suud ndio pekee alioujua. Miaka minne maiti alikuwa akiimba kinywani mwake.

Mkono wake ukazama kwenye kanzu.

Nadra alikuwa mwepesi zaidi. Risasi moja, begani. Bastola ya Yaqoob ikaanguka vumbini, naye akaifuata.

Josphat alifika na askari, wameileta Pajero, rangi ya bluu imemganda nyusini. Akamtazama mkuu akifungwa pingu. Akatazama sanduku. Bandarini meli ilipiga honi, ikang'oa nanga salama.

"Na huo wimbo, madam, unaitwaje?"

"Sijui."

"Hata mimi. Naujua kabisa, jina ndio sina."

Akaupiga mluzi wote, bila kuruka. Nadra akasimama kusikiliza. Kipande kilichokatwa kilikuwa kifupi. Kilikuwa kizuri.

Akavua kilemba, akamrushia Josphat, akaondoka polepole kuelekea Pajero, akipiga mluzi.

Alipofika penye pengo la Suud, akaruka.