Mkono wa Bibiane

Mwaka wa 1956, katika soko la Kadutu pale Bukavu, kila mama aliamini kwamba mnunuzi wa kwanza ndiye anayefungua siku. Akiwa na mkono mzuri, bidhaa zinakwisha. Akiwa na mkono mbaya, unarudi nyumbani na mzigo wako.

Apolline aliuza mashanza, yaani maziwa yaliyoganda, kutoka kwa ng'ombe wa shemeji yake wa Mudaka. Kila asubuhi alibeba vibuyu kumi. Yaliyobaki sokoni, vibuyu vikishafunguliwa, yalichacha, akayamwaga.

Mwaka ule aliyamwaga mara nyingi mno. Akamtafuta mwenye kosa, akampata: Bibiane, mjane aliyeuza vitunguu meza ya jirani, na ambaye mara nyingi ndiye aliyenunua kwake kikombe cha kwanza.

"Ni ule," alimwambia mumewe, Philémon. "Kila mara anafungua, mashanza inabaki. Iko na mukono mubaya."

Maneno yakaenea soko zima. Akina mama wakawa wanafunika bidhaa zao Bibiane akipita asubuhi. Hata vitunguu vyake vikakosa mnunuzi. Akaanza kufunga mizigo, yeye na watoto wake watatu, arudi kwa kaka zake Katana.

Jirani yao Firmin alikuwa karani wa kituo cha kilimo. Kila asubuhi alipima mvua na kuiandika. Ni mtu mpole, lakini habari ile ilimkasirisha.

"Maman Apolline, Bibiane alifungua mara ngapi?"

"Mingi."

"Mingi ni ngapi? Na mara ngapi alifungua, mashanza ikaisha?"

Apolline alianza kuhesabu, akaacha. Hakujua.

"Unaona? Siku mubaya inauma, unaikumbuka. Siku muzuri inapita tu. Tuhesabu siku zote, mubaya na muzuri."

"Na kama mukono yake iko mubaya kweli?"

"Basi hesabu itasema, na mimi nitanyamaza."

Firmin akamsihi Bibiane angoje siku thelathini za soko. Apolline akakubali kumuuzia tena, shingo upande. Kila jioni Apolline alichora kwa mkaa ukutani mwa nyumba yake. Mashanza yakiisha, alichora fimbo. Yakibaki, alichora kibuyu. Siku aliyofungua Bibiane aliichora mstari wa juu, siku ya mtu mwingine mstari wa chini. Alichora kwa kufuatana, kila siku na nafasi yake.

Siku ya thelathini Apolline, Philémon na Firmin wakasimama mbele ya ukuta.

"Bibiane alifungua siku tisa," alisema Firmin. "Mashanza ilibaki siku tatu. Ni moja kwa tatu. Wengine walifungua siku makumi mbili na moja. Ilibaki siku nane. Ni moja kwa tatu, na kidogo juu yake."

Apolline alihesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Mungu wangu! Mukono yake iko sawa na ya watu wote."

"Ngoja," alisema Firmin. Akafungua daftari lake la mvua, akachukua chaki, akazungushia duara kila siku iliyonyesha asubuhi. Zilikuwa kumi na mbili. Chaki ikaangukia kibuyu, kibuyu tena, fimbo, kibuyu. Katika siku kumi na mbili za mvua, mashanza yalibaki siku tisa. Katika siku kumi na nane zisizo na mvua, yalibaki siku mbili tu.

Philémon alivua kofia, kama yuko kanisani. Miaka sita ya kuuza sokoni Apolline alikuwa amenyeshewa na mvua ile, na hakuwahi kuiona.

"Watu banasikia baridi," alinong'ona. "Nani atakunywa mashanza na baridi? Basi, mvua ikinyesha, lazima itabaki?"

"Hapana. Ni tisa kwa kumi na mbili. Ya kesho hakuna anayeijua. Lakini unajua ubebe ngapi. Siku ya mvua beba sita. Ingine iache nyumbani, imefungwa, itangoja."

Apolline hakungoja amalize. Alikwenda mbio kwa Bibiane, machozi yakimtoka.

"Maman Bibiane, nilikuharibia jina. Unisamehe."

"Uliliharibia sokoni," alijibu Bibiane. "Litengenezee kule kule."

Kesho yake mvua ilinyesha. Apolline alibeba vibuyu sita, akapaza sauti mbele ya wote: "Maman Bibiane! Kuya ufungue!"

Bibiane akaja, akanunua kikombe kimoja. Hadi mchana vilikuwa vimeisha vibuyu vinne tu.

"Si tulikuambia?" alisema Emérence, muuza sombe, majani ya muhogo. Bibiane akainamisha kichwa.

Apolline hakurudi nyuma.

"Ni mvua, Emérence. Kesho atafungua tena, na kesho kutwa. Wewe chora ya kwako, siku thelathini. Nitakuonyesha namna ya kuchora."

Emérence alicheka. Hata hivyo, jioni alichukua mkaa.

Bibiane hakwenda Katana. Mwezi ulipokwisha, akina mama walijaa nyumbani kwa Emérence, wakiutazama ukuta wake: siku mbaya zilifuata mvua, hazikumfuata Bibiane. Asubuhi iliyofuata Emérence alifunua sombe yake, akakataa wanunuzi wawili, akamwita Bibiane.