Utambi Mweupe

Saa mbili asubuhi majirani walipofungua mlango, walimkuta bibi mshonaji kitandani, amekufa, midomo myekundu kama ya mtu aliyetoka kucheka. Kando yake, juu ya kigoda, mshumaa ulikuwa umeyeyuka ukainama kumwelekea, utadhani nao unamchungulia usoni.

"Uchawi huo!" alifoka mpwa wake, kinyozi, mbele ya inspekta wa polisi aliyeitwa. "Jana jioni nimemwacha mzima, anashona kwa mwanga wa mshumaa huohuo. Kisha huyu akamletea chai."

Huyu alikuwa mkwe, mjane wa mwana wa bibi. Begi lake lilishatupwa nje, na majirani walishaanza kuokota mawe. Maskini, aliapa na kuapa, hakuna aliyemsikiliza.

Inspekta, mama mnene asiyependa haraka, aliuinamia mshumaa. Utambi ulikuwa mweupe pee.

"Mwanangu," akamwuliza mkwe, "sanduku la nyuzi hukaa wapi?"

"Mezani, afande. Mama hakuweza kuinama, mgongo ulimtesa."

Sasa lilikuwa sakafuni, kati ya kigoda na kitanda. Inspekta akalisogeza. Chini yake mkeka ulikuwa na duara jeusi; alipoligusa, likavunjika likawa vumbi.

Akamgeukia kinyozi. "Ulisema mshumaa uliwaka?"

"Si umeyeyuka? Hata kipofu anaona!"

"Kuyeyuka si kuwaka, baba. Nta ikiyeyuka ni nta ileile. Kinachowaka hugeuka kitu kingine, na utambi huu ungekuwa mweusi. Haujaonja kiberiti. Umelainishwa na joto la jiko la makaa lililokaa hapa, dirisha limefungwa. Hewa yake haina harufu, lakini huua, na midomo hubaki myekundu. Alfajiri ukalitoa jiko, ukaficha alama. Kwa nini uliniongopea kuhusu mshumaa?"

Kinyozi aliropoka.

"Alisikia baridi! Nilim..." Ulimi ulishamponza. Kisha akalipuka: "Hii nyumba ya babu yangu! Shangazi alitaka kumwachia mtu baki! Mtu baki!"

Walimfunga pingu. Inspekta alibandua nta kwenye kigoda, akaifinyanga kiganjani.

"Hii nikiitia kwenye kopo itarudi kuwa mshumaa," alisema. "Makaa yale hayarudi."

"Wala mama harudi," mkwe alisema, na ndipo machozi yakamtoka.

Nje, majirani waliyaangusha mawe yao chini. Mkwe alipita katikati yao, akaokota begi lake, akaliingiza ndani.