Mchumba wa Vihundi

— Usivikunje, Nives! Nimekwambia hivi vitu havikunjwi!

Hayo ndiyo yalikuwa maamkizi ya Oriano kwa mchumba wake jioni ile, mbele ya kaunta ya mgahawa wa barabara kuu, nje kidogo ya Modena. Nives alikuwa amesimama hapo tangu asubuhi akipokea hela za madereva. Alitoa bahasha chini ya droo, akamsukumia.

— Na mimi sijambo, ahsante kwa kuuliza.

Oriano hakusikia. Alikwisha kutoa kibanio chake mfukoni, na sasa alikuwa akiinua karatasi moja moja kama daktari anayetoa mwiba.

Mwaka ule wa 1977 sarafu zilikuwa zimeadimika Italia nzima. Ukidai chenji dukani unapewa peremende, au unapewa kihundi: karatasi ndogo ya lira mia au mia na hamsini, iliyochapwa na benki ya mji fulani ili watu waweze walau kununua kahawa. Kila benki ilikuwa na vyake, vya rangi yake, na watu wazima wenye akili zao wakaanza kuvikusanya kwenye albamu. Oriano, karani wa kiwanda cha vigae, alikuwa mmoja wao. Na hapakuwa na mahali pazuri pa kuvipata kama barabara kuu, maana madereva wa kila pembe ya nchi waliacha vya kwao kwenye kaunta moja.

— Hiki cha Bari! Na hiki cha Catania, safi kama kimechapwa leo! Mpenzi, wewe ni dhahabu.

— Padri ameuliza tena tarehe.

— Padri gani?

— Oriano! Padri wa kutufungisha ndoa!

— Aa, yule. Tungoje kiangazi kipite.

— Mwaka jana ulisema hivyo hivyo.

— Mwaka jana sikuwa nimejipanga.

Nives alimrudishia dereva mmoja chenji, kisha akainama karibu na mchumba wake.

— Bi Ebe wa duka la mikate anataka kunipa kazi. Mchana tu, Jumapili napumzika, tena ni karibu na nyumbani. Anataka jibu wiki hii.

Kwa mara ya kwanza jioni ile, Oriano aliweka kibanio chini.

— Usiharakishe. Agosti watu wa Kusini wanaofanya kazi Milano wote wanashuka makwao likizo, halafu wanarudi. Wote wanapita hapa.

— Wanahusiana nini na ndoa yetu?

— Nasema tu kwamba kazi itachangamka. Mwambie Bi Ebe asubiri kidogo.

Nives akampigia Bi Ebe simu, akamwomba asubiri. Mama yake, Bi Argia, aliposikia aliacha kukanda unga.

— Asubiri nini? Watu wa mtaa huu wataacha kula mikate mpaka Agosti?

— Mama, Oriano ana mipango.

— Naiona. Amekula chakula cha Jumapili hapa kwangu mpaka amenenepa, na mipango bado haijaiva.

Jumapili iliyofuata zamu zilibadilishwa, Nives akajikuta hana zamu. Akavaa gauni lake la buluu, akaenda kumshtukiza Oriano mjini, kwenye baraza zile za matao ambako wakusanyaji walikutana asubuhi na vimeza vyao vya kukunja. Hakumwona. Kwenye meza ya kwanza alikaa mzee mmoja mcheshi, Gualtiero, miwani juu ya paji la uso.

— Unatafuta nini, binti? Kama ni benki za Kusini, umechelewa. Zote nimemwagiza Oriano, zinakuja Agosti.

— Yeye anazipata wapi?

— Siri ya biashara! Mzee alicheka, akashusha sauti. Ana kaunta yake barabara kuu.

— Kaunta?

— Keshia. Msichana anamwekea kila kizuri kinachopita. Sisi tunamtania: Oriano, muoe basi! Anasema, nimuoe aache kazi? Mama yangu hatakubali mke wangu afanye zamu barabarani. Acha kwanza sarafu zirudi! Ana kichwa yule!

— Na sarafu zikirudi?

Gualtiero aliinua mabega.

— Hapo hakusema. Pengine atahamia stempu.

Alicheka peke yake. Kisha akashusha miwani, akamtazama vizuri usoni, na kicheko kikakatika.

— Binti, wewe ni mteja?

— Mimi ndiye kaunta.

Oriano akatokea nyuma yao, ameshika vikombe viwili vya kahawa.

— Nives! Si uko kazini leo?

— Mzee ananieleza habari za harusi yangu.

— Utani wa wanaume huo, mpenzi! Gualtiero, mwambie!

Gualtiero akaanza kupanga meza ambayo ilikuwa imekwisha pangwa.

— Basi twende kwa padri sasa hivi, Nives alisema. Misa inatoka. Tuandike Juni.

— Juni... Juni ni mapema. Nimeshachukua maagizo ya wakusanyaji wa Milano. Sikiliza, Nives. Vitu hivi vinapita mara moja tu. Serikali ikitengeneza sarafu za kutosha, kwisha! Lakini sisi tuna maisha mazima mbele yetu.

— Nina miaka thelathini na mbili. Nasimama pale mpaka miguu inavimba, viatu havivuliki, nikidhani tunajenga nyumba.

— Tunajenga! Mkusanyo huu ndiyo nyumba!

— Kalale humo.

— Usipige kelele, watu wanatusikia.

— Nijibu moja tu. Ningekuwa keshia wa duka la viatu, ungenitongoza?

Mtu mwongo angejibu haraka. Oriano, kwa bahati yake mbaya, alianza kufikiri. Nives hakungoja amalize. Aliivua pete, akaiweka katikati ya vihundi vya Gualtiero, akaondoka huku kengele za kanisa zikilia.

Siku ya pili jioni simu ililia nyumbani.

— Nives, siwezi kula. Nimelia kama mtoto.

— Pole.

— Nilikosa. Tufunge ndoa Oktoba. Naapa kwa kaburi la baba.

Nisiwafiche, moyo wake ulilainika. Aliketi kwenye kiti cha jikoni, akauzungusha waya wa simu kidoleni, pale pete ilipokuwa.

— Kweli Oktoba?

— Kweli, mpenzi. Wewe vumilia tu kiangazi hiki. Kimoja tu.

Nives alikata simu. Kesho yake aliacha kazi ya barabara kuu, akaenda moja kwa moja dukani kwa Bi Ebe.

— Nilikusubiri mpaka Ijumaa, mwanangu, Bi Ebe alisema bila kumtazama. Nimemchukua binti wa dada yangu.

Basi akawa anafuma sweta nyumbani kwa mashine, kwa ajili ya kiwanda kimoja cha Carpi. Alasiri moja ya Julai mashine ilikuwa ikigonga, na Bi Argia amekaa dirishani na mkasi mdogo, anafumua herufi O kutoka kwenye shuka za harusi alizozitarizi mwenyewe. Herufi N aliiacha. Simu ikalia.

— Dada Nives? Ni Mirella, keshia mpya wa kaunta. Samahani, karatasi za risiti mliziweka wapi?

— Kabati la chini, nyuma ya sukari.

— Ahsante. Mmh, dada... kuna kaka mmoja anakuja hapa kila jioni. Mtanashati, mpole. Leo ameniletea lozi za sukari.

Nives alisimamisha mashine.

— Amekuuliza jina?

— Bado. Aliuliza kwanza kama watu wa Kusini wameanza kupita. Unamjua?

— Namjua. Nilikuwa niolewe naye.

Upande wa pili ilisikika mashine ya kahawa tu, na madereva wakiulizana habari za foleni ya Bologna.

— Yuko hapa sasa hivi, dada. Ananitabasamia. Nimwambie nini?

— Mwambie anunue kahawa, Nives alisema, na chenji umpe peremende.